Karatasi iliyofungua hazina na kufunga mahakama: kisa cha Yangju, 2002

Asubuhi ya Juni 13, 2002, Korea Kusini ilikuwa katika mapumziko ya uchaguzi wa serikali za mitaa, na macho ya watu yalikuwa kwenye Kombe la Dunia lililokuwa likichezwa nchini mwao na Japani. Katika wilaya ya Yangju, kaskazini mwa Seoul, wasichana wawili wa miaka 14 walikuwa wakitembea kandokando ya barabara namba 56, wakienda kwenye sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yao. Barabara ilikuwa nyembamba, ya njia mbili, isiyo na sehemu ya waenda kwa miguu. Nyuma yao ukaja msafara wa jeshi la Marekani uliokuwa kwenye mazoezi. Katika msafara huo mlikuwa na gari la kutandazia madaraja, lililojengwa juu ya umbo la kifaru, lenye uzito wa zaidi ya tani 50. Lilikuwa pana kuliko njia lililopita. Upande wa pili wa barabara ulikuwa unakuja msafara mwingine wa magari ya deraya, kwa hiyo gari lile zito lilibana ukingo wa barabara. Wasichana wote wawili walikanyagwa wakafa.

Dereva wa gari la aina hiyo hukaa mahali ambapo upande wa kulia anauona kwa shida. Ndiyo sababu hukaa na mkuu wa gari, anayeona kutoka juu na kumwelekeza kwa redio ya kwenye kofia. Mkuu wa gari aliwaona wasichana na akajaribu kumwonya dereva. Onyo halikufika kwa wakati.

Kisa hiki kinakumbukwa kwa mishumaa iliyojaza viwanja vya Seoul mwishoni mwa mwaka ule, na kwa namna kilivyotikisa uhusiano wa nchi mbili. Mimi nataka kukiangalia kwa upande unaotajwa kwa haraka tu: fidia. Nani alilipa, kwa sheria ipi, kwa hesabu gani, na kwa nini malipo yaliyofuata sheria hatua kwa hatua hayakutuliza hata kidogo hasira ya watu. Ninaamini jibu la swali hilo la mwisho limo ndani ya mpangilio wa fidia wenyewe. Wanaosema kwamba Wakorea waliichukia Marekani tu wanapita pembeni ya jambo.

Vifungu viwili vinavyokutana kwenye cheti kimoja

Majeshi ya Marekani yamekuwa Korea Kusini mfululizo tangu vita vya 1950 hadi 1953. Hadhi ya askari hao inaongozwa na mkataba uliotiwa saini Julai 1966 ukaanza kutumika Februari 1967. Ndani ya mkataba huo kuna vifungu viwili ambavyo mtu aliyegongwa na gari la jeshi lazima avijue. Kifungu cha 22 kinahusu jinai: nani atamshtaki askari. Kifungu cha 23 kinahusu madai: nani atalipa.

Vyote viwili vinasimama juu ya swali lilelile. Je, askari alikuwa akitekeleza kazi rasmi?

Kwa upande wa jinai, kama jibu ni ndiyo, Marekani ndiyo yenye haki ya kwanza ya kumshtaki. Korea inaweza kuomba iachiwe kesi, na mkataba unasema ombi la namna hiyo lifikiriwe kwa moyo wa huruma, lakini haulazimishi chochote. Na anayethibitisha kwamba askari alikuwa kazini ni jeshi lake mwenyewe, kwa cheti kinachotolewa na kamanda wake. Kwa upande wa madai, kama jibu ni ndiyo, familia inapata kitu ambacho wahanga wengi wa majeshi ya kigeni duniani hawakipati. Inadai kwa serikali yake yenyewe, katika nchi yake, kwa lugha yake, kwa sheria ileile ambayo ingetumika kama gari lingekuwa la jeshi la Korea. Serikali ya Korea inalipa kwanza, kisha inaidai Marekani sehemu yake.

Geuza jibu liwe hapana, na kila kitu kinageuka. Askari aliyekuwa akizurura mtaani usiku wa likizo yake anaweza kushtakiwa katika mahakama ya Korea. Lakini fidia inakuwa hisani. Maofisa wa Korea wanapima madai na kupendekeza kiasi, halafu taarifa inakwenda kwa Wamarekani, nao ndio wanaoamua kama watatoa chochote na ni kiasi gani. Familia isiporidhika, inabaki na haki ya kumshtaki askari binafsi: kijana wa mshahara wa cheo cha chini, ambaye huenda keshahamishiwa bara jingine kabla kesi haijatajwa.

Kwa hiyo mzazi akiulizwa angependa aliyemuulia mtoto wake ahesabiwe alikuwa kazini au hakuwa kazini, jibu lolote atakalotoa litamgharimu. Akiwa kazini, hazina inafunguka na mahakama ya nyumbani inafungwa. Akiwa hayuko kazini, mahakama inafunguka na hazina inabaki na mlinzi mlangoni. Mkataba unamlazimisha mfiwa achague kati ya kulipwa na kuona haki ikitendeka mbele ya macho yake. Hata kuchagua kwenyewe si kwake, kwa sababu cheti kinaandikwa na upande wa pili.

Katika kisa cha Yangju hapakuwa na utata kuhusu ukweli wenyewe. Gari lilikuwa la jeshi, kwenye msafara wa jeshi, katika mazoezi ya jeshi. Askari wale walikuwa kazini kwa maana yoyote ile ya kawaida. Hilo linakifanya kisa hiki kifae kuchambuliwa: hakuna aliyedanganya kuhusu cheti, na bado matokeo yakawa yale yaliyotokea.

Jinsi uhai unavyogeuzwa kuwa won, sarafu ya Korea

Madai yanayotokana na magari ya jeshi la Marekani nchini Korea yanapita katika njia ya sheria ya fidia ya serikali, sheria inayosema serikali itawajibika pale ofisa wake, akiwa kazini, anapomdhuru mtu kwa makusudi au kwa uzembe. Kuna mabaraza ya fidia chini ya Wizara ya Sheria, yanayopokea maombi na kupanga kiasi. Zamani mdai alilazimika kupita kwenye baraza kabla ya kwenda mahakamani; tangu sheria ilipobadilishwa mwishoni mwa 2000, anaweza kwenda mahakamani moja kwa moja. Muda wa kudai ni miaka 3 tangu mhanga alipojua madhara na aliyeyasababisha. Akishtaki, mshtakiwa ni Jamhuri ya Korea. Mtu aliyefiwa na mtoto kwa gari la nchi nyingine anasimama mahakamani kuidai serikali yake mwenyewe, huku mashahidi wakiwa askari wa kigeni na nyaraka zikiwa kwenye makabati ya kambi ambayo yeye haruhusiwi kuingia.

Hesabu yenyewe ina sehemu tatu: kipato ambacho marehemu angekipata kama angeishi, gharama za mazishi, na fedha ya maumivu ya moyo kwa wafiwa. Sehemu ya kwanza ndiyo nzito, na ndiyo inayouma zaidi ukiielewa.

Mtoto wa miaka 14 hana mshahara wa kuonyesha. Mahakama za Korea, kwa mtu asiye na kazi, huchukua ujira wa kibarua wa kawaida wa mjini. Wanauhesabu tangu mtoto angekuwa mtu mzima hadi umri wa mwisho wa kufanya kazi, ambao wakati ule ulikuwa miaka 60. Mahakama ya Juu iliupandisha hadi 65 mwaka 2019. Kutoka kwenye jumla hiyo wanaondoa theluthi moja, kwa hoja kwamba marehemu mwenyewe angeitumia kwa chakula na malazi yake. Kisha wanapunguza tena, kwa sababu fedha inalipwa yote mara moja leo badala ya kuja kidogo kidogo kwa miaka 40. Kinachobaki ndicho thamani ya kisheria ya miaka yote ambayo msichana yule angeishi akiwa mtu mzima.

Sisemi kwamba hesabu hii ni ya kikatili. Kila nchi inayolipa fidia ya kifo lazima iwe na njia ya kufika kwenye namba, na njia iliyo wazi ni bora kuliko hakimu anayekisia. Angalau mtoto wa mkulima na mtoto wa daktari wanapimwa kwa ujira uleule. Tatizo langu ni kwamba hakuna mahali ndani ya hesabu hii panapoulizwa gari pana kuliko njia lilifanya nini kwenye barabara isiyo na sehemu ya kutembelea. Nani aliipanga njia ile? Nani alijua kwamba misafara miwili ingekutana pale? Redio ya kofia ilikaguliwa lini? Fidia haihitaji majibu hayo ili ilipwe. Inatosha kwamba gari liliua, lilikuwa kazini, na palikuwa na uzembe wa kiasi fulani mahali fulani. Namba inatoka, wafiwa wanaweka saini, jalada linafungwa.

Robo ya mlipa kodi

Halafu kuna suala la nani hasa alitoa fedha. Kifungu cha 23 kinasema pale ambapo jeshi la Marekani peke yake ndilo lenye makosa, Marekani inabeba asilimia 75 ya malipo na Korea asilimia 25. Pale ambapo pande zote mbili zina makosa, au haiwezekani kujua ni nani, wanagawana nusu kwa nusu. Mgao huo haukubuniwa Korea: ulikuwamo katika mkataba wa majeshi ya NATO wa 1951, na upo pia katika mkataba wa Marekani na Japani wa 1960.

Chukua mfano rahisi wa fidia ya won milioni 100. Milioni 75 zinatoka kwa waliokuwa na gari. Milioni 25 zinatoka kwa walipa kodi wa nchi iliyofiwa, wazazi wa marehemu wakiwemo.

Hoja mbili hutolewa kuutetea mgao huu. Ya kwanza ni kwamba nchi mwenyeji inanufaika na ulinzi, kwa hiyo ibebe sehemu ya gharama zake. Ya pili ni ya kiutendaji: kama nchi mwenyeji ndiyo inayopanga kiasi cha fidia na nchi nyingine ndiyo inayolipa yote, mwenyeji hana sababu ya kubana matumizi, robo yake ndiyo inayomfanya awe makini. Hoja hii ya pili naielewa kabisa kwenye ua lililobomolewa au shamba lililokanyagwa na matairi. Kwenye kifo cha mtoto inanishinda. Inamaanisha serikali ya mfiwa imewekewa sababu ya kutaka fidia iwe ndogo. Yule ambaye familia ilipaswa kumtegemea kama wakili wake anakaa upande wa walipaji.

Na hata ile asilimia 75 si kwamba hufika daima bila mvutano. Katika madai ya wananchi wanaoishi karibu na viwanja vya ndege za kivita, waliolipwa kwa amri za mahakama kwa sababu ya kelele, serikali ya Korea imekuwa ikilipa huku Marekani ikikataa kurudisha sehemu yake. Kwa mhanga, hilo linaonyesha uzuri wa mfumo: yeye alishalipwa, na ugomvi ni wa serikali na serikali. Huu ni ulinzi wa kweli na haustahili kubezwa. Kati ya yote yaliyomo katika kifungu cha 23, kanuni kwamba mwenyeji analipa kwanza na kudai baadaye ndiyo ningeitetea kwa nguvu zangu zote.

Mahakama ya Camp Casey

Julai 2002 Wizara ya Sheria ya Korea iliomba rasmi kwamba Marekani iwaachie kesi ya wale askari wawili. Ombi la namna hiyo, kwa tukio la kazini, halikuwa limewahi kufanywa. Agosti jibu likaja: hapana. Sababu ilikuwa ileile, kwamba lilikuwa tukio la kazini.

Novemba dereva na mkuu wa gari walishtakiwa katika mahakama ya kijeshi ya Marekani ndani ya Camp Casey, mjini Dongducheon, kwa kosa la kuua kwa uzembe. Jopo lilikuwa la wanajeshi wa Marekani. Mkuu wa gari aliachiwa huru Novemba 20, na dereva akaachiwa Novemba 22. Siku chache baadaye wote wawili waliondoka Korea.

Kisheria, mtu anaweza kuachiwa huru na bado fidia ikalipwa bila mgongano wowote. Jinai inataka uthibitisho usioacha shaka ya maana dhidi ya mtu mmoja mmoja. Madai yanaridhika na kiwango cha chini zaidi, na yanaweza kuona uzembe katika utaratibu mzima wa kikosi hata kama hakuna mtu mmoja anayestahili kufungwa. Inawezekana kabisa kwamba dereva hakusikia, kwamba mkuu wa gari alijitahidi, na kwamba kosa kubwa lilikuwa juu yao, kwa waliopitisha gari lile kwenye barabara ile. Binafsi naona hiyo ndiyo picha iliyo karibu zaidi na ukweli.

Lakini angalia palipobaki pengo. Kosa la mtu mmoja mmoja lilipelekwa Camp Casey, likaonekana halipo. Kosa la kikosi halikuwa na mahakama. Fidia, ambayo ndiyo sehemu pekee iliyokiri kwamba palikuwa na kosa la aina fulani, ililipwa kiutawala, na malipo ya kiutawala hayamhitaji mtu asimame aeleze. Hakuna hata siku moja katika mpangilio huu ambapo ofisa mwenye cheo angelazimika kujibu, mbele ya wazazi na kwa lugha wanayoielewa, ni kwa nini njia ile ilichaguliwa.

Nikisoma habari za mwaka ule, naona watu wakieleza hasira ya Wakorea kwa neno siasa. Siasa ilikuwepo, tena nyingi. Uchaguzi wa rais ulikuwa Desemba 19, na Roh Moo-hyun alishinda akiwa amesema wazi kwamba uhusiano na Marekani unapaswa kuwa wa usawa zaidi. Lakini chini ya siasa palikuwa na madai ambayo mtu yeyote aliyewahi kufiwa angeyaelewa: tuambieni nini kilitokea, na anayehusika aseme ni yeye.

Pole iliyochelewa

Jeshi lilitoa masikitiko yake mapema. Wanajeshi wa kikosi husika walichangishana fedha, na Septemba mnara wa kumbukumbu ukasimamishwa kando ya barabara. Rais George W. Bush alituma masikitiko yake kupitia balozi wake, Thomas Hubbard, Novemba 27, yaani baada ya hukumu, na Desemba 13 akazungumza kwa simu na Rais Kim Dae-jung. Kesho yake makumi ya maelfu ya watu walikusanyika Seoul na mishumaa.

Mpangilio wa siku unasema mengi. Neno la juu kabisa lilikuja baada ya miezi 5 na zaidi, likaja wakati barabara zimeshajaa, kwa hiyo wengi walilipokea kama jibu kwa maandamano. Mkataba wa 1966 una ibara kwa ibara juu ya sarafu ya malipo, vipindi vya miezi sita vya kupelekeana hesabu, na mgao wa asilimia. Hauna mstari hata mmoja juu ya nani atakwenda kwa wafiwa, lini, na kuwaeleza nini. Kila kamanda anaachiwa busara yake, na busara ya mtu aliyeonywa na wanasheria asikiri kosa huwa fupi sana.

Wasio na hata hiki

Nimekuwa mkali kwa mkataba huu, kwa hiyo ni haki niseme wanachokosa wale wasio nao.

Sheria ya Marekani ya 1946 inayoruhusu kuishtaki serikali kuu kwa uzembe wa watumishi wake ingemsaidia raia aliyegongwa na lori la jeshi ndani ya Marekani: ana miaka 2 ya kupeleka madai kwa idara husika, na asiporidhika anakwenda mahakamani, mbele ya jaji peke yake, bila jopo la raia la kuamua kesi. Lakini sheria hiyo inatenga kabisa madai yaliyotokea katika nchi ya kigeni. Aliyeumizwa nje, mahali pasipo na mkataba wa mgao, anaangukia sheria ya 1942 ya madai ya wageni. Chini ya hiyo, maofisa wa jeshi lenyewe ndio wanaoamua, mahakama haiwezi kuupitia uamuzi wao, na madai yanayotokana na mapigano hayalipwi.

Iraki na Afghanistani, ambako mstari kati ya mapigano na ajali ya barabarani ulikuwa mgumu kuuona, wengi waliishia kupewa kifuta machozi. Kwa miaka mingi kiasi cha kawaida cha juu kwa kifo kilikuwa dola 2,500, kikitolewa na kamanda wa eneo bila kukiri kosa lolote. Mei 29, 2006, lori la jeshi la Marekani lilishindwa breki kaskazini mwa Kabul likayavamia magari ya raia. Watu walikufa, na ghasia zilizolipuka siku ileile ziliua wengine wengi zaidi. Ukiuweka mfumo wa Korea kando ya huo, tofauti kati ya haki na hisani inaonekana bila kuelezwa.

Jambo moja la kivitendo linatoka hapa, kwa yeyote anayesaidia familia katika nchi yenye mkataba wa namna hii. Swali la kazini au si kazini lisiachwe lijibiwe kimyakimya. Liombwe kwa maandishi mapema, pamoja na ripoti ya polisi wa nchi, picha za barabara, na majina ya vikosi vilivyokuwepo, kwa sababu vikosi huhama na kumbukumbu huhama navyo. Na ikiwa kinacholetwa mezani ni malipo ya hisani, karatasi ya kupokelea isomwe hadi mstari wa mwisho kabla ya saini. Chini ya mkataba wa Korea, malipo ya hisani yakipokewa kama malipo kamili, ndiyo mwisho wa madai. Wafiwa hawawezi kurudi kumshtaki askari kwa kilichobaki. Familia iliyo msibani huletewa karatasi hiyo wakati mbaya kuliko wote.

Kama ningepewa nafasi ya kubadili jambo moja tu katika mkataba, nisingegusa kiasi cha fidia. Ningebadili cheti. Kitolewe na kamanda, sawa, lakini kipimwe na hakimu wa nchi mwenyeji. Na pale kinapokubaliwa na raia amekufa, kiambatane na wajibu wa kufanya uchunguzi wa wazi juu ya kikosi, wenye ripoti inayokabidhiwa kwa wafiwa. Jeshi linalotaka kumsikiliza askari wake nyumbani kwake kwa sababu alikuwa akitekeleza amri, basi lieleze amri yenyewe.

Ahadi ya 2003 na ajali ya 2020

Kitu kimoja kilibadilika. Mwaka 2003 pande mbili zilikubaliana hatua za usalama kwa misafara ya mazoezi: kuwaarifu Wakorea mapema kabla ya magari mazito kutembea, na magari ya kusindikiza mbele na nyuma ya magari ya deraya kwenye barabara za raia. Ningeyahesabu makubaliano hayo kuwa sehemu ya fidia kuliko fedha zote, kwa sababu yalijibu swali ambalo hesabu ya ujira wa kibarua haikuliuliza.

Usiku wa Agosti 30, 2020, huko Pocheon, si mbali na Yangju, gari la raia liligonga kwa nyuma gari la deraya la jeshi la Marekani lililokuwa likitembea polepole juu ya daraja. Watu wote 4 waliokuwa kwenye gari la raia walikufa. Uchunguzi ulionyesha dereva wao alikuwa amelewa na akiendesha kwa kasi. Ulionyesha pia kwamba msafara wa jeshi haukuwa na gari la kusindikiza.

Kampuni ya bima iliyolipa kwa ajili ya vifo hivyo iliishtaki serikali ya Korea ili irudishiwe sehemu ya fedha zake, kwa njia ileile ya kifungu cha 23: jeshi la Marekani lilikuwa kazini, kwa hiyo Korea ndiyo ya kudaiwa. Mahakama ziliona sehemu kubwa ya kosa ilikuwa ya dereva mlevi, na hapo sina ubishi. Lakini uamuzi wa mwisho haukusema jeshi halikuwa na kosa lolote. Serikali ilibebeshwa asilimia 10, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikauacha uamuzi huo usimame.

Asilimia 10 ni ndogo, na katika kesi ile ilikuwa haki iwe ndogo. Ninachokiona kikubwa ni mahali ilipotoka. Katika kesi ya Yangju hakuna mahakama ya Korea iliyopata nafasi ya kusema kikosi kilipaswa kufanya nini barabarani. Katika kesi ya Pocheon jaji wa Korea aliangalia msafara ulivyotembea usiku ule, akauliza lilikuwa wapi gari la kusindikiza, na kutokuwepo kwake akakuhesabu kuwa uzembe unaolipiwa.